Hedifoni ya waya ya kuvaa juu ya sikio: jibu kwa mwalimu anayesafiri kwa daladala

Wa alaykumu salaam, Mwalimu.

Umeeleza kwamba unakaa Gongo la Mboto na kila siku ya kazi unapanda daladala kwenda mjini kufundisha, na jioni unarudi kwa njia hiyohiyo. Vipokea sauti vya kuchomeka ndani ya sikio vinakuwasha na kukuumiza, za Bluetooth huzitaki kwa kuwa umechoka kuongeza kitu kingine cha kuchaji, unavaa miwani pamoja na mtandio, na muziki wako ni taarabu, dansi la zamani na Bongo Fleva kidogo, wote ukitoka kwenye simu ya Samsung Galaxy A15. Umetenga shilingi 80,000. Kijana wa dukani amekuonya usinunue hedifoni ya omu 60 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, nitakieleza mbele) kwa madai kwamba simu haina nguvu ya kuiendesha, ilhali binamu yako amekusifia Koss Porta Pro, ambayo ni ya omu hizohizo 60. Unauliza nani yuko sahihi na ununue ipi.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa safari zako, nunua hedifoni yenye vikombe vilivyofungwa, ya daraja la Sony MDR-ZX110, na fedha itakayobaki uiweke kando kwa sababu nitakayoieleza mbele. Binamu yako amesifia kitu kizuri, lakini hakukiwazia ndani ya daladala. Kijana wa dukani hakukudanganya kwa makusudi. Anarudia kauli ambayo ina ukweli kwa hedifoni za studio na haina ukweli kwa hizi tunazozizungumzia. Mengine yote hapa chini ni sababu za majibu hayo, na mambo machache ambayo hukuyauliza ila yatakugusa pindi utakapoingia dukani.

Hedifoni ya kuvaa juu ya sikio iko katikati ya aina mbili nyingine. Upande mmoja kuna zile za kuchomeka ndani ya sikio, ambazo huliziba tundu lake kabisa; upande wa pili kuna zile kubwa ambazo vikombe vyake hulizunguka sikio zima na kukaa kwenye mfupa wa kichwa. Hii unayoitaka hulaza sponji yake juu ya sikio lenyewe, na ndiyo iliyokua pamoja na desturi ya kutembea na muziki. Sony walipoleta Walkman ya kwanza Julai 1979, waliiambatanisha na hedifoni nyepesi yenye sponji za povu, kwa sababu hedifoni nyingi za nyumbani za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa mtu anayetembea. Umbo hilo limeendelea kuwapo hadi leo: mkanda mwembamba wa kichwani, vikombe vidogo viwili na waya.

Wepesi huo una bei yake. Sikio la mtu lina matuta na mabonde, na sponji ndogo inayolala juu yake haiwezi kuziba kila upenyo. Sauti nyembamba hazisumbuliwi sana na upenyo huo, lakini besi hutegemea mno hewa iliyozibwa kati ya spika ndogo na ngoma ya sikio; hewa ikipata pa kutokea, mgandamizo hupotea na besi hupungua. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuvaa hedifoni moja, mmoja akasema ina besi nzito na mwingine akasema ni kavu, na wote wawili wakawa wakweli. Kuna njia rahisi ya kujipima: vaa hedifoni, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalosikika vizuri, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka kidogo tu, hedifoni imekukaa vizuri. Ikiongezeka ghafla kana kwamba umefungua spika nyingine, basi kwa kichwa chako hedifoni hiyo haizibi, na hakuna mpangilio wa ikwalaiza utakaolitibu jambo hilo ipasavyo.

Kwako wewe kuna vitu viwili vinavyofungua upenyo: miwani na mtandio. Mkono wa miwani hupita juu ya sikio palepale sponji inapotakiwa kugusa, na huacha mwanya mdogo juu na nyuma yake. Pia, baada ya nusu saa hivi, sponji iliyobanwa juu ya mkono huo huanza kuuma kwenye ukingo wa sikio. Dawa yake ni mkono mwembamba wa miwani na sponji nene iliyo laini. Kuhusu mtandio, mambo ni mawili. Ukiivaa hedifoni juu ya kitambaa, sauti za juu hufifia kidogo, hasa kitambaa kikiwa kizito au kimekunjwa mara mbili, na vikombe huteleza daladala inaporuka matuta. Ukiivaa chini ya mtandio, inashikiliwa vizuri zaidi kuliko kwa mtu aliye kichwa wazi, ila mkanda mnene wa kichwani utauinua mtandio na vikombe vikubwa vitaonekana kama uvimbe. Ningekushauri uivae chini, na kwa hiyo utafute yenye mkanda mwembamba na vikombe bapa. Ile aina ya Koss inayoitwa KSC75, ambayo haina mkanda bali inaning'inia sikioni kwa ndoano, ina sauti nzuri sana kwa bei yake, lakini kwa mtu mwenye miwani ndoano na mkono wa miwani hugombea nafasi moja. Iache.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linatangulia bei, jina la kampuni na namba zote za kwenye boksi: je, vikombe viwe wazi au vilivyofungwa? Kikombe kilicho wazi kina matundu upande wa nje, na kikombe kilichofungwa kina ukuta wa plastiki. Kikombe cha wazi hutoa sauti yenye nafasi, na ala husikika zikiwa zimeachana. Kwenye taarabu ya okestra utamsikia mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, upande wake, fidla zikiwa pamoja upande mwingine, na mwimbaji katikati. Porta Pro ni ya aina hiyo, na ndiyo sababu kubwa ya sifa zake. Hata hivyo, tundu linalotoa sauti nje ndilo linaloingiza kelele ndani. Ukiwa kwenye kiti cha nyuma ya dereva, injini ya dizeli, honi, konda anayeita abiria na redio ya gari vitaingia masikioni mwako karibu kama vilivyo, na abiria wa pembeni atausikia wimbo wako wote, jambo ambalo wengine hawalipendi saa kumi na mbili asubuhi.

Vikombe vilivyofungwa vinasaidia, ila nisikupe matumaini ya uongo. Hedifoni ndogo ya juu ya sikio hupunguza kwa kiasi kizuri sauti za juu, kama mlio wa breki, vyuma vinavyogongana na sehemu ya mazungumzo. Mngurumo wa injini, ambao ni sauti nzito, hupita karibu wote. Mngurumo huo huimeza besi ya muziki, na msikilizaji ambaye hajui kilichotokea huongeza sauti. Akiongeza, sauti ya mwimbaji nayo inapanda, mngurumo unaendelea kuimeza besi, naye anaongeza tena. Madhara makubwa ya hedifoni kwa watu wanaosafiri mjini yanaanzia hapo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni robo saa tu. Hicho ni kikomo cha wafanyakazi wakiwa kazini. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, katika kanuni zao za kusikiliza muziki kwa vifaa vya binafsi, wamekuwa wakali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa watoto. Simu ya kawaida ikiunganishwa na hedifoni yoyote kati ya hizi inaweza kuzidi desibeli 100 bila shida. Kwa mtu anayekaa barabarani saa nyingi kila wiki kwa sababu ya foleni, hiyo si hatari ya kufikirika.

Njia ninayokupendekezea haihitaji kifaa cha kupimia. Usiku nyumbani, kukiwa kimya, weka wimbo unaoujua vizuri na upandishe sauti mpaka pale unaposikia kila neno la mwimbaji kwa raha, kisha tazama vijiti vya sauti kwenye kioo cha simu vimefika wapi. Ndani ya daladala usiruhusu sauti ipande zaidi ya vijiti viwili au vitatu juu ya hapo. Kama kwa kiwango hicho muziki bado hausikiki, siku hiyo gari lina kelele kuliko uwezo wa hedifoni yako, na heri kusikiliza baadaye. Ninajua si ushauri unaopendeza. Faida moja ya aina hii ya hedifoni ni kwamba utamsikia konda akitaja kituo chako, na ukishuka utaisikia bodaboda inayokuja kwa nyuma, ingawa wakati wa kuvuka barabara ningependa uishushe shingoni.

Turudi kwa kijana wa dukani na omu zake. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi koili ndogo ndani ya spika inavyoupinga mkondo wa umeme. Ni kweli kwamba ukinzani ukiwa mkubwa, volti nyingi zaidi zinahitajika ili kusukuma nguvu ileile. Lakini omu peke yake haisemi hedifoni itapiga kwa sauti gani. Lazima isomwe pamoja na namba ya pili, ambayo ni desibeli zinazotoka kwa miliwati moja ya umeme, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Porta Pro ina omu 60 na desibeli 101 kwa miliwati. Sony ZX110 ina omu 24 na desibeli 98 kwa miliwati. Ili koili ya omu 60 ipate miliwati moja, inahitaji takriban volti 0.245, ile ya omu 24 inahitaji takriban volti 0.155. Tukiipa Sony volti zilezile 0.245 tulizoipa Koss, sauti yake inapanda kwa desibeli 4 na kufika 102. Kwa hiyo, simu ileile, kwa kiwango kilekile cha sauti, inatoa desibeli 101 upande mmoja na 102 upande wa pili. Tofauti ya desibeli 1 ni ndogo kiasi kwamba kwenye muziki unaoendelea wengi hawataitambua, na matundu mengi ya simu hutoa nusu volti au zaidi, yaani mara mbili ya tulichotumia kwenye hesabu hii.

Onyo la omu linafaa kwa hedifoni za studio za omu 250 na kuendelea, ambazo zenyewe zinahitaji nusu volti ili zipate miliwati moja tu. Huko simu nyingi huishiwa pumzi. Kwa hedifoni yoyote ya kubeba iliyo kati ya omu 16 na 64, ambazo ni karibu zote utakazozikuta, lifute jambo hilo kichwani.

Namba nyingine za boksi zina manufaa kidogo kuliko hizo. Masafa yaliyoandikwa, mfano hezi (mitetemo kwa sekunde) 12 hadi 22,000 kwenye ZX110 au 15 hadi 25,000 kwenye Porta Pro, yanavutia macho, lakini hayasemi sauti inashuka kwa desibeli ngapi kwenye miisho hiyo, na bila taarifa hiyo hayana maana kubwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko karibu na hezi 41, na ya fidla ni hezi 196. Muziki wako wote unakaa ndani ya eneo ambalo kila boksi dukani linadai kulifikia. Kinachotofautiana ni jinsi gani linafikiwa, na hilo halichapishwi. Upana wa spika nao, milimita 30 au 32 au 40, hausemi lolote kuhusu ubora. Neno la besi ya ziada lililoandikwa kwa herufi kubwa lina maana moja ya hakika: sauti nzito zimeinuliwa, na mara nyingi zitamfunika mwimbaji wa taarabu. Kwa Bongo Fleva huenda ukalipenda. Kwa dansi la zamani, ambalo utamu wake uko kwenye magitaa mawili au matatu yanayojibizana katikati ya masafa, litakuharibia.

Sasa majina. Porta Pro ilitoka mwaka 1984 kutoka Koss, kampuni ya Milwaukee nchini Marekani ambayo mwaka 1958 ndiyo iliyoleta hedifoni ya kwanza ya stereo kwa wasikilizaji wa muziki. Umbo la Porta Pro halijabadilika sana tangu hapo, na sauti yake ina joto: besi iliyojaa, waimbaji walio karibu, sauti za juu zisizochoma. Mkanda wake ni vipande viwili vya chuma vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na wenye nywele ndefu au misuko hulalamika kwamba hunasa nywele. Marekani huuzwa kwa takriban dola 50, kwa hiyo hata kabla ya usafirishaji imeshaipita bajeti yako. Dhamana ya maisha inayotangazwa nayo ina thamani kwa mkazi wa kule. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, gharama ya kuirudisha kwa posta itakula sehemu kubwa ya bei ya mpya. Ndugu yake mdogo, KPH30i, nayo ya omu 60, huuzwa kule kwa takriban dola 30, ina mkanda wa plastiki usionasa nywele na ina maikrofoni kwenye waya. Ungeniambia unasikiliza nyumbani pekee, baada ya kusahihisha madaftari, hiyo ndiyo ningekutajia, bila kusita.

Sony MDR-ZX110 haina sifa za kuandikiwa utenzi. Besi yake imenona kidogo kupita kiasi, sauti za juu hazina ulaini wa Koss, na sponji zake ni nyembamba. Lakini ina uzito wa takriban gramu 120 bila waya, vikombe vyake ni bapa na vinageuka ili iingie kwenye mkoba, mkanda wake ni mwembamba kiasi cha kukaa chini ya mtandio, na bei yake katika masoko mengi ni ya chini kuliko KPH30i. Ukitaka kupokea simu bila kuitoa, tafuta yenye herufi AP mwishoni mwa jina, kwa kuwa hiyo ina maikrofoni na kitufe. JBL Tune 500 ni mbadala wa kufikiria: nayo imefungwa, ina spika za milimita 32, maikrofoni na waya bapa usiojisokota. Besi yake ni nzito zaidi ya ya Sony, na kwa dansi la zamani hilo si jambo la kufurahia. Grado SR60x ya Brooklyn, ambayo huenda mtu akakutajia, ni hedifoni ya wazi ya kukaa nayo kitini; waya wake ni mnene, haikunjwi, na ni takriban dola 100. Haituhusu.

Kuhusu tundu la simu. Galaxy A15 yako, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina tundu la mviringo la milimita 3.5, kwa hiyo leo huna tatizo. Ukibadilisha simu, angalia vizuri: A16 iliyoifuata haina tundu hilo. Ni njia ambayo Apple waliichukua kwenye iPhone 7 mnamo Septemba 2016, na simu za bei ya kati zimeifuata polepole. Kuna adapta za kuchomeka kwenye tundu la Type-C, yaani lile la kuchajia, na zinafanana sana kwa nje, lakini ndani ziko aina mbili. Aina ya kwanza ni waya mtupu. Hutegemea simu itoe sauti ikiwa tayari umeme wa kawaida wa spika, na simu za Samsung hazifanyi hivyo, kwa hiyo adapta hiyo utaichomeka na hutasikia kitu. Aina ya pili ina chipu ndogo ndani inayogeuza data za kidijitali kuwa umeme wa sauti, na hiyo hufanya kazi kwenye simu nyingi. Samsung wenyewe wanauza ya namna hiyo. Ya Apple nayo ina chipu nzuri na kwao ni dola 9, ila ikichomekwa kwenye simu nyingi za Android sauti hutoka ndogo kuliko inavyostahili. Fedha niliyokuambia uiweke kando ni kwa ajili ya adapta hii, siku itakapohitajika. Usiinunue sasa, na siku utakayoinunua nenda na simu yenyewe ili uijaribu palepale.

Tazama pia pini ya hedifoni. Pini ya hedifoni isiyo na maikrofoni ina mistari miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu. Yenye maikrofoni ina mistari mitatu na sehemu nne. Zote huingia kwenye tundu la simu yako. Tatizo huwa kwenye pini za sehemu nne za baadhi ya hedifoni za zamani au za bei ya chini sana, ambazo zimebadilishana nafasi ya maikrofoni na ya waya wa ardhi. Dalili yake ni ya ajabu: ala zinasikika kwa mbali, mwimbaji ametoweka, na ukikibonyeza kitufe cha kwenye waya mwimbaji anarudi. Wengi hudhani hedifoni imeungua. Haijaungua, imefungwa waya kwa mpangilio mwingine, na dukani unatakiwa kuikataa.

Bidhaa bandia za majina makubwa zipo Kariakoo kama zilivyo katika miji mingine, na boksi zuri halithibitishi kitu. Sikio linathibitisha zaidi. Omba ijaribiwe kwa simu yako na kwa nyimbo zako ulizozipakua, usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji, ambao mara zote ni wenye besi nyingi. Anza na wimbo wa taarabu wenye mwimbaji mmoja mbele ya okestra: sauti yake ikae katikati kabisa ya kichwa, isivutwe kushoto wala kulia. Ikivutwa, spika mbili hazilingani, kasoro ya kawaida kwenye bandia. Halafu usikilize sehemu tulivu na upinde waya taratibu karibu na pini na karibu na kila kikombe; kama kunatokea mkwaruzo au upande mmoja unakatika, rudisha. Fanya lile jaribio la kubonyeza kwa viganja ukiwa umevaa miwani na mtandio wako kama unavyovaa kila siku. Kisha kaa nayo kichwani kwa muda mrefu kadiri muuzaji atakavyokuvumilia, kwa maana maumivu ya sikio hayaji dakika ya kwanza.

Kitakachoharibika kwanza ni waya, palepale unapoingia kwenye pini, kwa sababu simu ikiwa ndani ya mkoba hapo ndipo panapokunjwa. Pini ya umbo la herufi L huvumilia mkunjo huo kuliko iliyonyooka. Usiuzungushe waya kwenye simu kwa kuukaza; ukunje kwa duara kubwa na ulegee. Ukikatika, usiitupe hedifoni. Fundi simu mwenye mkono mzuri anaweza kukata kipande kibovu na kulehemu pini mpya. Waya mwekundu kwa kawaida ni wa kulia, wa kijani au buluu ni wa kushoto, na ule wenye rangi ya shaba ni wa ardhi. Nyuzi hizo zina rangi ya kuzikinga inayopaswa kuunguzwa kwanza kabla ya risasi ya kulehemia kushika, na fundi asiyelijua hilo atakurudishia hedifoni inayokatikakatika. Sponji za ngozi bandia nazo, katika joto na unyevu wa pwani pamoja na jasho, huanza kubanduka magamba meusi yanayoshika kwenye kitambaa. Zifute kwa kitambaa kikavu ukifika nyumbani na usiiache hedifoni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Za povu hazitoi magamba lakini hulika na kumomonyoka. Zote mbili hubadilishwa, mradi umepima kipenyo chake kabla ya kuagiza.

Basi, Mwalimu, ingia dukani ukiuliza ZX110 au ZX110AP. Ikikubana kwenye miwani, jaribu Tune 500. Zote mbili zikikuuma, usimruhusu muuzaji akuuzie ya tatu kwa maneno kwamba italegea. Vunja wazo la hedifoni ya juu ya sikio kwa ajili ya daladala, tafuta yenye vikombe vinavyolizunguka sikio hata kama itakuwa kubwa kidogo, na KPH30i uiagize, siku bajeti ikiruhusu, kwa ajili ya jioni nyumbani, ambako hakuna injini ya kushindana nayo.